Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuingia chuo kikuu cha Marekani kutoka orodha ya kusubiri

Kila mwaka, kuanzia katikati hadi mwishoni mwa Machi, maelfu ya waombaji wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Marekani hupokea jibu ambalo si ndiyo wala si hapana: wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wanafunzi na wazazi huyauliza zaidi katika wiki zinazofuata. Majibu yake yameandikwa kwa imani kwamba mwombaji anayejua jinsi orodha hii inavyofanya kazi huamua mambo yake vizuri kuliko yule anayebaki kutazama barua pepe kila baada ya saa moja.

Kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba ofisi ya udahili imesoma ombi lako hadi mwisho, imeridhika kwamba unaweza kumudu masomo ya chuo hicho, lakini imewapa wengine nafasi zilizokuwapo. Uamuzi juu ya ombi lako umekwisha kufanywa. Kinachosubiriwa ni nafasi, na nafasi hiyo haitajulikana kama ipo mpaka waliokubaliwa waseme kama watakuja.

Hali hii isichanganywe na ile ya kuahirishwa. Anayeahirishwa ni yule aliyeomba mapema, kwa kawaida mwezi wa Novemba, kisha chuo kikaamua kulisoma tena ombi lake pamoja na maombi ya kawaida. Huyo bado anashindana na wenzake wote, na jibu lake litatoka Machi au Aprili. Aliye kwenye orodha ya kusubiri ameshapita hatua hiyo.

Kwa nini vyuo vina orodha hizi? Si wangekubali idadi wanayoitaka tu?

Hili ndilo swali lenye ufunguo wa maswali mengine yote, kwa hiyo tulijibu kwa kina.

Mwombaji mmoja wa Marekani huomba vyuo vingi, mara nyingi 8, 10 au zaidi, lakini atasoma kimoja. Kila chuo kinajua kwamba wengi wa wale kinaowakubali watakwenda kwingine, na kwa sababu hiyo kinakubali watu wengi kuliko vitanda na viti kilivyonavyo. Swali gumu ni wangapi. Chukua mfano wa chuo kinachotaka wanafunzi wapya 1,500. Uzoefu wa miaka iliyopita unaonyesha kwamba katika kila watu 100 kinaowakubali, 30 hujiunga. Kwa hesabu hiyo kitakubali watu 5,000. Mambo yakienda kama yalivyotarajiwa, watakuja 1,500 kamili, na hakuna hata mtu mmoja atakayetolewa kwenye orodha ya kusubiri.

Sasa tuseme mwaka huu wamekubali kuja 28 katika kila 100. Tofauti ni ndogo mno, lakini chuo kimepata watu 1,400 na kina nafasi 100 zilizo wazi, ambazo ni ada ya mwaka mzima, vyumba vya bweni na madarasa yaliyokwisha pangiwa walimu. Hapo ndipo orodha inapofunguliwa. Wakikubali kuja 31 katika kila 100, chuo kitakuwa na watu 1,550, yaani kimezidiwa, na walio kwenye orodha hawatasikia lolote isipokuwa barua fupi ya kuwashukuru kwa subira yao. Kati ya mwaka wa nafasi 100 na mwaka wa nafasi sifuri, hakuna kilichobadilika katika maksi zako, insha yako wala bidii yako. Kilichobadilika ni maamuzi ya wageni 5,000 usiowajua.

Vyuo huogopa kuzidiwa, na vina sababu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California, Irvine, kilipata wanafunzi wapya mamia kadhaa zaidi ya kilivyopanga, kikafuta nafasi za watu 499 kwa sababu za nyaraka zilizochelewa na maksi zilizoshuka, na baada ya malalamiko makubwa kikalazimika kuwarudisha wengi wao na kuomba radhi. Mwaka 2019 Virginia Tech ilikuta wanafunzi wapya takriban 1,000 zaidi ya lengo lake, ikawaomba baadhi yao waahirishe kuanza masomo kwa kuwaahidi fedha. Mkuu wa udahili anayekumbuka visa kama hivi atapendelea kukubali watu wachache mwezi Machi, kisha ajaze pengo taratibu kutoka kwenye orodha, kuliko kukubali wengi na kukosa pa kuwalaza.

Basi uwezekano wangu ni kiasi gani?

Chama cha kitaifa cha washauri wa udahili nchini Marekani, NACAC, katika ripoti yake ya 2019 kilieleza kwamba vyuo vyenye orodha ya kusubiri vilikuwa vimewapa nafasi wastani wa asilimia 20 ya waombaji waliokubali kubaki kwenye orodha, na kwamba katika vyuo vinavyochagua sana wastani huo ulishuka hadi asilimia 7. Takwimu hizi zinafaa kukupa picha ya jumla tu. Wastani huchanganya chuo kilichochukua nusu ya orodha yake na chuo kisichochukua mtu. Vyuo kama Princeton na MIT vimewahi kupitisha mwaka mzima bila kumtoa hata mwombaji mmoja kwenye orodha, na mwaka mwingine vikawachukua makumi.

Njia bora ni kutafuta takwimu za chuo chako chenyewe. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set, ambao hupatikana bure kwa kuandika jina la chuo na jina la waraka huo kwenye mtambo wa kutafutia. Ufungue, nenda sehemu ya C2. Utakuta idadi tatu: waliopewa fursa ya kuingia kwenye orodha, waliokubali fursa hiyo, na waliopata nafasi ya kujiunga mwishowe. Gawanya idadi ya tatu kwa ya pili, si kwa ya kwanza, kwa sababu wengi wanaowekwa kwenye orodha hawajibu kabisa au hujiondoa. Kisha fanya hivyo kwa miaka mitano, si mmoja.

Mtu anayetazama mwaka mmoja hudanganyika kwa urahisi. Akikuta mwaka ambao chuo kilichukua watu 200, atajenga matumaini makubwa. Akikuta wa sifuri, atakata tamaa, ilhali ukweli uko katika mwendo wa miaka yote. Mwaka 2020 pia usiuchukulie kuwa kipimo, kwa sababu ugonjwa wa UVIKO-19 uliwafanya wanafunzi wengi waahirishe masomo au wabaki karibu na nyumbani, na vyuo vingi vilifungua orodha zao kwa kiasi kisicho cha kawaida. Mwaka 2024 nao ulikuwa na mtikisiko wake: fomu mpya ya serikali ya kuomba msaada wa kifedha, FAFSA, ilichelewa, na vyuo vingi vilisogeza mbele tarehe ya kuthibitisha nafasi, jambo lililosogeza pia muda wa orodha.

Jambo jingine la kuangalia ni ukubwa wa orodha. Chuo Kikuu cha Michigan, kwa mfano, kimekuwa na miaka ambayo kiliweka zaidi ya watu 10,000 kwenye orodha. Idadi kama hiyo haina uhusiano na nafasi zinazotarajiwa. Inakiwezesha chuo kuwa na akiba ya kila aina ya mwanafunzi, na pengine kumpa mwombaji mzuri jibu lisilo kali kama kukataliwa. Kwa maoni yangu, orodha za namna hii hazimtendei haki kijana wa miaka 17, kwa sababu yeye husoma barua yake kana kwamba yuko karibu na mlango.

Je, kuna wa kwanza na wa mwisho kwenye orodha?

Katika vyuo vingi hakuna. Waraka uleule wa Common Data Set huuliza kama orodha imepangwa kwa daraja, na vyuo vingi hujibu hapana. Neno orodha lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa humfanya mtu afikirie foleni, ambapo aliyetangulia huhudumiwa kwanza. Ni afadhali kufikiria ghala, ambamo mwenye duka huingia kuchukua kile hasa kilichopungua kwenye rafu.

Mwezi Mei ofisi ya udahili hutazama darasa lililopatikana na kuuliza ni nini kimepungua. Huenda wanafunzi wa uhandisi wametosha lakini wa falsafa na lugha za kale ni wachache. Huenda wavulana wamezidi wasichana, au jimbo fulani halina mtu, au kikundi cha muziki kimempoteza mpiga zumari wake. Anayeitwa ni yule anayeziba pengo hilo. Hii ndiyo sababu mwenye maksi za juu zaidi kwenye orodha anaweza kubaki, na mwenzake wa chini kidogo akaitwa siku ya kwanza. Hakuna namna ya kujua kutoka nje ni pengo lipi litakalotokea, na mshauri wa kulipwa anayedai kwamba anajua anauza asichonacho.

Je, nikubali kubaki kwenye orodha?

Ikiwa ungekwenda kweli endapo ungeitwa, ndiyo. Ikiwa umeshakipenda zaidi chuo kingine kilichokukubali, jiondoe leo hii, maana kubaki kwako hakukupi chochote. Kwa vyovyote vile, lazima ujibu: katika vyuo vingi, anayenyamaza hahesabiwi kuwa yumo. Soma maelekezo kwenye akaunti yako ya mwombaji, jaza fomu kabla ya tarehe iliyowekwa, na uhifadhi uthibitisho.

Nifanye nini kuhusu vyuo vilivyonikubali? Tarehe 1 Mei inakaribia.

Chagua kimoja kati ya hivyo, lipa amana ya kuthibitisha nafasi kabla ya tarehe 1 Mei au tarehe yoyote nyingine uliyopewa, na uanze kujiandaa kwenda huko. Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Orodha nyingi hazifunguliwi mpaka chuo kihesabu waliolipa, kwa hiyo anayengoja jibu la orodha kabla ya kuthibitisha kwingine anaweza kufika Juni akiwa hana chuo hata kimoja.

Kulipa amana katika chuo kimoja huku ukibaki kwenye orodha ya kusubiri ya kingine ni jambo linaloruhusiwa na linalotarajiwa. Kisichokubalika ni kulipa amana katika vyuo viwili ili kujipa muda, kwa sababu unashikilia nafasi ya mtu mwingine ambaye naye yuko kwenye orodha mahali fulani, na vyuo vikigundua vinaweza kufuta nafasi zote mbili. Amana kwa kawaida ni dola mia kadhaa na katika vyuo vingi hairudishwi. Kama familia yako haina uwezo wa kuipoteza, kiandikie chuo kilichokukubali na uombe kusamehewa au kuongezewa muda. Ofisi nyingi zina utaratibu wa jambo hilo kwa wenye kipato kidogo.

Baada ya kulipa, jiunge na makundi ya wanafunzi wapya, jaza fomu ya bweni, soma orodha ya kozi. Nimewaona vijana waliokataa kufanya haya kwa kuogopa kwamba yangepunguza bahati yao kwingine. Chuo ambacho orodha yake unaisubiri hakifuatilii fomu yako ya bweni. Anayeumia ni wewe, utakapofika Agosti mahali ambapo hujawahi kujiruhusu kupapenda.

Je, niandike barua? Iseme nini?

Kwanza soma maelekezo. Kampasi nyingi za Chuo Kikuu cha California hazitaki barua wala nyaraka za nyongeza, isipokuwa pale zinapoweka kisanduku cha maelezo mafupi kwenye fomu yenyewe. Chuo kikisema kisitumiwe kitu, usitume kitu. Kukaidi maelekezo hakuonyeshi hamu; kunaonyesha kwamba hukuyasoma.

Kama kinaruhusu, andika barua moja, isiyozidi ukurasa mmoja, ndani ya wiki moja au mbili baada ya kupata jibu. Ielekeze kwa ofisa anayeshughulikia eneo lako ikiwa jina lake linajulikana. Ina kazi tatu: kusema kwamba ukiitwa utakuja, kueleza jambo jipya lililotokea tangu utume ombi, na kuonyesha kwamba unakijua chuo hicho kwa undani kuliko vipeperushi vyake.

Tazama sentensi mbili. Ya kwanza: "Chuo chenu kimekuwa ndoto yangu tangu utotoni, na ninaamini mazingira yake bora na walimu wake mashuhuri yatanisaidia kufikia malengo yangu." Hii inaweza kutumwa kwa vyuo 50 bila kubadilishwa neno, na ofisa anayeisoma analijua hilo. Ya pili: "Tangu Januari nimemaliza kupima maji ya visima 12 kwa ajili ya mradi niliouelezea katika ombi langu, na matokeo ya visima vitatu yamenipa swali ambalo ningependa kuendelea nalo katika maabara ya udongo ya idara yenu ya sayansi ya mazingira, ambayo hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza." Sentensi ya pili haina sifa hata moja kwa chuo, lakini msomaji wake anamwona mwandishi akiwa tayari maabarani.

Kauli ya "nikiitwa nitakuja" iandike tu ikiwa ni ya kweli, na kwa chuo kimoja tu. Ina uzito kwa sababu ya hesabu tuliyoiona: chuo kinapojaza nafasi 100 mwezi Mei, hakitaki kuita watu 300 na kusubiri tena majibu yao. Kinamtaka mtu atakayesema ndiyo. Usilalamike, usijilinganishe na mwanafunzi mwenzako aliyekubaliwa, na usiombe uelezwe sababu.

Je, watu wengine waniandikie barua za kunisaidia?

Mshauri wa masomo wa shule yako ndiye mwenye nafasi ya kusaidia zaidi. Mwombe atume maksi zako za karibuni mara zinapotoka na, kama chuo kinaruhusu, aeleze kwa maneno machache kwamba chuo hicho ndicho chaguo lako la kwanza. Maksi za muhula wa mwisho zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana ndizo habari mpya pekee ambazo hazikutoka kinywani mwako. Barua ya mwalimu mmoja ambaye hakuandika mwanzoni inaweza kufaa pale inaporuhusiwa. Barua za wabunge, wafanyabiashara na marafiki wa familia wasiokufahamu darasani hazifai, na simu za wazazi kila wiki zinadhuru.

Nina uhitaji wa msaada wa kifedha. Je, hilo linapunguza uwezekano wangu?

Katika baadhi ya vyuo, ndiyo, na ni haki yako kulijua.

Vyuo vya Marekani vimegawanyika katika makundi mawili. Vingine humchagua mwombaji bila kutazama kama anaweza kulipa, na vingine huutazama uwezo wake. Kinachofichika kwa wengi ni kwamba chuo kinachofuata utaratibu wa kwanza mwezi Machi kinaweza kuuacha kinapofika kwenye orodha ya kusubiri, kwa sababu kufikia Mei sehemu kubwa ya bajeti ya msaada imekwisha kugawiwa. Jambo hili lilifika hata mahakamani: katika kesi iliyofunguliwa Januari 2022 katika mahakama ya shirikisho huko Chicago dhidi ya kundi la vyuo binafsi mashuhuri, mojawapo ya madai lilikuwa kwamba baadhi ya vyuo hivyo vilitazama uwezo wa kifedha wa waombaji waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri huku vikijitangaza kuwa havitazami uwezo wa mtu. Vyuo kadhaa vilimaliza madai hayo kwa kulipa fedha bila kukiri kosa.

Kwa mwombaji wa kimataifa mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa vyuo visivyotazama uwezo wa kifedha wa raia wa nje ni vichache; miongoni mwavyo ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Kwa hiyo uliza swali moja, kwa maandishi na kwa adabu: "Je, uhitaji wa msaada wa kifedha huzingatiwa katika kuchagua waombaji kutoka orodha ya kusubiri, na je, wanaochaguliwa hupewa msaada kwa utaratibu uleule kama waliokubaliwa mwezi Machi?" Ofisi itakujibu. Usifute ombi lako la msaada ili uonekane unaweza kulipa ikiwa huwezi. Utaitwa, kisha utakabiliwa na ankara ya makumi ya maelfu ya dola usiyoweza kuilipa, na vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kimataifa ambaye hakuomba msaada mwanzoni auombe katika miaka inayofuata.

Mtu anayeitwa kutoka kwenye orodha naye aombe barua ya msaada kabla ya kusema ndiyo. Hata ukipewa siku tatu tu za kujibu, una haki ya kuona hesabu kamili ndani ya siku hizo.

Jibu litakuja lini, na litakuja vipi?

Wimbi kubwa huja katika wiki mbili au tatu za kwanza za Mei. Vyuo vingine huanza mwishoni mwa Aprili pale vinapoona malipo ya amana yanasuasua. Baada ya hapo huja mawimbi madogo, kwa sababu orodha huzaa orodha: chuo kimoja maarufu kinapochukua watu 50 waliokuwa wamelipa amana kwingine, vyuo 20 hupungukiwa na kulazimika kufungua orodha zao wenyewe. Tangu mwaka 2019, NACAC ilipoondoa katika kanuni zake za maadili kifungu kilichozuia vyuo kuwafuata wanafunzi waliokwisha thibitisha kwingine, baada ya shinikizo la Wizara ya Sheria ya Marekani, mzunguko huu umekuwa huru zaidi. Nafasi chache hutokea hata Julai na Agosti, wanafunzi waliolipa wanapoghairi.

Vyuo vingine hutuma jibu kwenye akaunti yako, vingine hupiga simu kwanza na kuuliza, "Tukikupa nafasi, utakuja?" Swali hilo si mtihani wa tabia; ofisa anahesabu. Jibu ukweli. Muda wa kuamua unaweza kuwa wiki moja, siku tatu au hata saa 24, kwa hiyo kaeni na familia mapema, mwezi wa Aprili, mkubaliane mtafanya nini simu ikija, ni kiasi gani mnaweza kulipa, na nani atakayetia saini. Tazama pia kisanduku cha barua pepe zisizotakiwa, na hakikisha namba ya simu iliyo kwenye fomu bado inafanya kazi.

Mimi ni mwanafunzi wa kimataifa. Vipi kuhusu viza?

Usisubiri orodha ili uanze mchakato wa viza. Omba fomu ya I-20, yaani hati ya chuo inayokuwezesha kuomba viza, kutoka chuo ulichokithibitisha, lipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ambayo ni dola 350 kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, na uweke miadi ya usaili ubalozini, kwa sababu miadi ya Juni na Julai hujaa.

Ukiitwa na chuo cha orodha kabla ya usaili, utapewa I-20 mpya yenye namba tofauti ya SEVIS. Ada uliyokwisha lipa inaweza kuhamishiwa kwenye namba mpya, na huhitaji kuilipa upya. Ubadilishe pia fomu yako ya maombi ya viza ili ionyeshe chuo kipya, na uende kwenye usaili na karatasi za chuo hicho. Kama viza imekwisha tolewa ikiwa na jina la chuo cha awali, wasiliana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kipya na ubalozi kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa mwanafunzi anayeingia Marekani kwa mara ya kwanza hutarajiwa kuingia kwa ajili ya chuo kilichotajwa kwenye viza yake. Mwanafunzi aliyeitwa Agosti ana sababu ya haki ya kusema kwamba muda hautoshi. Uliza kama nafasi hiyo inaweza kuahirishwa hadi muhula wa Januari au mwaka unaofuata.

Nikiitwa, je, ni lazima niende?

Si lazima kisheria. Ila kama uliandika kwamba utakuja, heshimu neno lako, isipokuwa hesabu ya fedha imekataa. Ukikubali, kiarifu siku hiyohiyo chuo cha kwanza ili nafasi yako imfikie mwingine. Amana ya kwanza utaipoteza, na msaada wa kifedha uliokuwa umepewa kule hautakufuata.

Nimeambiwa orodha imefungwa. Je, mlango umefungwa kabisa?

Kwa muhula huu wa vuli, yaani ule unaoanza Agosti au Septemba, ndiyo. Zipo njia nyingine. Vyuo vichache hupokea sehemu ya darasa lao katikati ya mwaka: Middlebury, kwa mfano, ina kundi la wanafunzi wanaoanza Februari. Cornell humpa mwombaji asiyepata nafasi, kwa baadhi ya kozi zake, fursa ya kuhamia baada ya mwaka mmoja akitimiza masharti aliyoandikiwa.

Kuhama ni njia halali na inayotumika sana, hasa katika vyuo vya umma. California imejenga mfumo wake juu ya njia hiyo: mwanafunzi wa chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, anayetimiza kozi na maksi zilizowekwa anaweza kupata uhakika wa kupokelewa katika kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Mtu anayefikiria kuhama aanze na kupata maksi nzuri katika muhula wake wa kwanza, popote alipo, kwa kuwa ndizo zitakazosomwa, na azungumze na mwalimu mmoja au wawili mapema ili wamfahamu. Usihame kabla ya kupajaribu mahali ulipo: wengi wanaofika Agosti wakiwa na fomu ya kuhama mkobani hukuta ifikapo Machi, mwezi ambao maombi mengi ya kuhama hufungwa, hawajaijaza wala hawaitaki tena.

Anayetaka kupumzika mwaka mmoja na kuomba upya chuo kilekile afanye hivyo ikiwa tu mwaka huo utakuwa na kazi au masomo yenye kuonekana. Ombi jipya lililo sawa na la zamani husomwa na ofisi ileile, mara nyingi na ofisa yuleyule, na kumbukumbu ya ombi la kwanza huwa bado ipo kwenye faili.